Zimwi Lisitwishwe Dhambi za Watu

Leo nataka tukae na michezo ya kutisha, ile ya kuigiza mezani, na hasa tabia moja iliyomo ndani yake: kuchukua watu waliowahi kuishi kweli, wenye majina, wenye makaburi, wenye wajukuu wanaotembea mitaani hadi leo, na kuwafanya wahusika katika visa vya mazimwi.

Kwa asiyeifahamu michezo hii, nieleze kidogo. Watu wanne au watano wanakaa mezani. Mmoja ni mwongozaji: anasimulia mahali, hali ya hewa, sauti inayosikika nyuma ya mlango. Wengine kila mmoja ana mhusika wake, labda daktari, labda mwandishi wa habari, na anasema mhusika huyo anafanya nini. Hakuna maneno yaliyoandikwa ya kukariri. Penye shaka kama jambo litafanikiwa, dadu inarushwa, na namba ikisema umeshindwa, umeshindwa. Kisa kimoja kinaweza kuchezwa usiku mmoja, au kikaendelea kila wiki mwaka mzima.

Katika michezo ya kutisha ya aina hii, mkongwe ni ule unaoitwa Call of Cthulhu. Uliandikwa na Sandy Petersen, na kampuni ya Chaosium ya Marekani ikauchapisha mwaka 1981. Umejengwa juu ya hadithi za H. P. Lovecraft, mwandishi wa mji wa Providence aliyefariki mwaka 1937, ambaye aliwaza kwamba nyuma ya dunia hii tunayoiona kuna viumbe vikubwa vya kale visivyotujali hata kidogo. Wachezaji huwa ni wapelelezi, na kila mpelelezi ana alama za akili timamu. Akiona kiumbe cha ajabu, alama zinapungua. Akiona maiti iliyoharibiwa, zinapungua pia. Zikiisha, mhusika amepotea, hata kama mwili wake ni mzima kabisa.

Mara nyingi visa vyake huwekwa katika miaka ya 1920, na hapo ndipo watu wa kweli wanapoingia. Ukiweka kisa chako New York ya mwaka 1925, meza itatazamia kukutana na mtu inayemjua, kama Houdini, yule mwanamazingaombwe. Jina moja tu la kweli linaufanya mji wote uonekane wa kweli. Naielewa tamaa hiyo, na siioni kuwa mbaya. Hadithi zetu wenyewe za pwani zimejaa masultani na washairi waliowahi kuishi, wakipewa maneno ambayo hakuna aliyewasikia wakiyasema.

Sasa tuje Nairobi, maana mchezo huu ulifika Nairobi zamani.

Mwaka 1984 Chaosium walitoa kisa kirefu kiitwacho Masks of Nyarlathotep, kilichoandikwa na Larry DiTillio pamoja na Lynn Willis. Mashabiki wengi wanakihesabu kuwa miongoni mwa visa bora vilivyowahi kuandikwa kwa mchezo wowote wa aina hii. Wapelelezi wanaanzia New York mwaka 1925, wanapita London na Cairo, wanafika Kenya, kisha wanaendelea hadi Shanghai. Nairobi wanakutana na mtu anayeitwa Johnstone Kenyatta. Ndiye huyohuyo, msikilizaji. Ni Mzee Jomo, aliyekuja kuwa Rais wa kwanza wa Jamhuri ya Kenya. Katika kisa hicho yeye ni mwenyeji mwema anayewasaidia wageni kumfikia mzee mmoja mwenye elimu ya siri, mzee anayejua jinsi ya kupambana na zimwi la mlimani. Akishawasaidia, kazi yake imekwisha, na wageni wanaendelea na safari yao.

Nitasema wazi kwamba nia haikuwa mbaya. Kumheshimu mpigania uhuru wa Kiafrika katika kitabu cha burudani cha Marekani mwaka ule si jambo la kubeza. Lakini tazama alichopewa: ni mlango. Mgeni anapita kwake kwenda kwingine. Na Kenyatta halisi wa mwaka 1925 alikuwa na mambo mengi ya kufaa kisa cha kutisha kuliko mlango.

Mwaka ule Kenyatta alikuwa mwajiriwa wa manispaa ya Nairobi, idara ya maji. Alitunza stoo na kusoma mita. Hebu fikiria kidogo, wewe uliyewahi kuongoza mchezo. Msoma mita! Mtu anayeingia ua wa kila nyumba, ya mlowezi, ya mfanyabiashara wa Kihindi, ya afisa wa serikali, na hakuna anayemuuliza anatafuta nini. Anajua nani amehama. Anajua ni nyumba gani imefungwa miezi kadhaa, na mita yake bado inazunguka. Anainama, anafuta vumbi kwenye kioo, anaandika namba kwenye daftari, na namba hiyo haiwezekani. Mwenye nyumba anamtazama kutoka barazani. Naye anajua fika kwamba akiuliza swali moja zaidi, atakayepoteza kazi ni yeye. Kisa kizima cha kutisha kimo humo, na hakuna haja ya kubuni chochote kuhusu kazi yake.

Kuna pia jambo ambalo kila Mwafrika mwanaume wa Kenya ya wakati ule alilijua kwa ngozi yake, yaani kipande. Ilikuwa karatasi ya usajili yenye alama za vidole na kumbukumbu za waajiri, iliyobebwa ndani ya kijikopo cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Mwajiri asipotia saini ya kukuachia, huwezi kuajiriwa kwingine. Ukikamatwa bila kipande, ni faini au kifungo. Mwongozaji anayetaka meza yake ihisi woga wa Nairobi hahitaji kuanza na kiumbe chenye ulimi wa damu. Aanze na askari anayenyoosha mkono barabarani usiku.

Miaka mitatu tu kabla ya wapelelezi wetu wa kubuni kushuka kwenye treni, mwezi Machi 1922, Harry Thuku alikamatwa kwa sababu ya kupinga kodi, kipande na kazi za kulazimishwa kwa wanawake. Umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi alikoshikiliwa. Wanaume walipoanza kulegea, Mary Muthoni Nyanjiru aliinua nguo yake na kuwaambia wampe suruali zao kama wao wanaogopa. Kwa utamaduni wa Wakikuyu hapakuwa na laana nzito kuliko ile. Polisi wakafyatua risasi, na Nyanjiru alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuanguka. Hesabu ya serikali yenyewe ilipita watu 20. Thuku akapelekwa uhamishoni Kismayu bila kufikishwa mahakamani. Mwaka 1925, ambao kisa kimewekwa, alikuwa bado hajarudi. Kila mtu mzima ambaye wapelelezi wangekutana naye katika mtaa wa Pumwani alikuwa na jamaa au jirani wa kumkumbuka siku ile.

Nimeisema habari hii kwa urefu kwa sababu ndiyo inayotupeleka kwenye neno langu la leo. Katika kisa hichohicho cha mwaka 1984 kuna msafara wa Wamarekani uliouawa Kenya. Ulimwengu unaambiwa wauaji ni Wanandi, na Wanandi watano wananyongwa. Mchezaji baadaye anagundua kwamba hawakuwa na hatia na kwamba wauaji halisi ni wafuasi wa zimwi. Ni mgeuko mzuri wa hadithi. Umejengwa juu ya dhuluma inayoaminika, maana serikali ya kikoloni ingeweza kabisa kuwanyonga watu watano wasio na hatia ili kesi ifungwe. Lakini Wanandi wale hawana majina wala familia inayowalilia, na dhuluma yao inakuwa kipande cha gazeti cha kuwafikisha wachezaji kwa zimwi.

Nao Wanandi wa kweli wana kisa chao. Walipigana na Waingereza na reli yao kwa miaka kama kumi. Tarehe 19 Oktoba 1905, kiongozi wao, Orkoiyot Koitalel arap Samoei, alialikwa kwenye mazungumzo ya amani na afisa wa Kiingereza, Richard Meinertzhagen. Aliuawa palepale, na wenzake wengi wakauawa pamoja naye. Fimbo zake za uongozi zilikaa Uingereza karne nzima. Zilirudi Kenya mwaka 2006, kutoka kwa mtoto wa afisa yule. Watu wa Nandi mpaka leo wanaulizia kichwa cha mzee wao.

Sasa mchukue mwandishi mwenye kipaji, mwenye nia njema, aandike mchezo wa kutisha kuhusu Koitalel. Orkoiyot alikuwa mtu wa kiroho, mtabiri, mwana wa mtabiri. Kishawishi ni kikubwa mno. Mwandishi ataandika kwamba Meinertzhagen alikuwa ametawaliwa na pepo, kwamba mkono uliofyatua risasi haukuwa wake. Siku hiyo, msikilizaji, mauaji yale yatakuwa yamepata wakili. Mtu aliyemwalika mwenzake kwa amani akamuua atakuwa hana kosa, maana kosa limebebwa na zimwi lisiloweza kushtakiwa wala kuaibika.

Hilo ndilo ninalolikataa, na ninalikataa kwa moyo wote. Mchezo unaweza kumpa marehemu maneno mapya. Unaweza kumtembeza mahali ambapo hakuwahi kufika, ukamkutanisha na viumbe visivyokuwepo. Kitu ambacho hauna haki nacho ni kumpokonya alichokitenda. Ubaya alioufanya mtu ubaki wake, na wema alioufanya ubaki wake pia. Kusema kwamba ushindi wa wapigania uhuru ulitokana na hirizi waliyopewa na kiumbe fulani ni wizi uleule, umegeuzwa upande wa pili.

Wala usidhani nazungumzia hatari ya kufikirika. Mwaka 2018 kampuni ya White Wolf, wenye mchezo maarufu wa wanyonya damu uitwao Vampire: The Masquerade, walitoa kitabu chenye sura kuhusu Chechnya. Mwaka uliotangulia dunia ilikuwa imesoma habari za wanaume waliotekwa na kuteswa huko kwa kushukiwa kuwa na mapenzi ya jinsia moja. Walikuwa watu hai, wengine bado mafichoni. Kitabu kikayageuza mateso hayo kuwa pazia la kufunika utawala wa wanyonya damu. Hasira ilikuwa kubwa. Mwezi Novemba kampuni mama, Paradox, iliomba radhi, sura ile ikaondolewa, na White Wolf ikanyang'anywa uhuru wa kutengeneza vitabu vyake yenyewe. Naona adhabu ile ilistahili. Aliyeteswa hakuhitaji kuambiwa kwamba mtesi wake alikuwa wa kubuni.

Lakini nisionekane kama nafunga mlango. Kuna kisa kimoja cha kupendeza katika historia ya fani hii. Mwaka 1935 kijana Robert Bloch alitaka kuandika hadithi ambayo ndani yake mhusika anayefanana na Lovecraft mwenyewe anauawa na kiumbe wa kutisha. Bloch akamwomba ruhusa. Lovecraft akamwandikia barua rasmi ya kumruhusu amuigize, amuue na kumsambaratisha apendavyo, na kwa mzaha akaweka saini za mashahidi waliotoka katika hadithi za kubuni. Kisha akalipa: akaandika hadithi yake, akamuua ndani yake mhusika anayefanana na Bloch. Aliyeombwa alikuwa hai, akakubali, akacheka, akajibu. Wafu wetu hatuwezi kuwaandikia barua. Lakini wana jamaa, wana vijiji, wana vyama vya ukoo vinavyokutana kila mwaka, na hao barua zinawafikia.

Kuna pia waliotuonyesha njia. Lovecraft alikuwa na chuki kali dhidi ya watu weusi, na imo katika maandishi yake, haifichiki. Mwaka 2017 Mmarekani mweusi, Chris Spivey, alitoa kitabu kiitwacho Harlem Unbound, kinachouchukua mchezo huohuo na kuupeleka Harlem ya miaka ya 1920, watu weusi wakiwa ndio wapelelezi. Ubaguzi humo ni wa binadamu, unafanywa na binadamu, na zimwi likija linakuta nyumba tayari ina moto. Hivyo ndivyo ninavyotaka.

Na sisi wa Kiswahili tuna mwalimu wetu katika jambo hili. Ebrahim Hussein alipoandika tamthilia ya Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969, alishika mtu wa kweli kabisa: Kinjekitile Ngwale wa Ngarambe, aliyesema amepagawa na pepo Hongo wa mto Rufiji, akagawa maji ya kugeuza risasi, akanyongwa na Wajerumani mwaka 1905, vita vya Majimaji vikiwa ndiyo kwanza vinaanza. Pepo, mto, maji ya ajabu: vyote vya kutisha vimo. Hussein alimweleza msomaji mapema kwamba Kinjeketile wa tamthilia ni kiumbe cha fikra zake, asichukuliwe kuwa ndiye yule wa historia. Kisha akafanya kazi ngumu zaidi. Hakumwachia Hongo uamuzi. Alimpa Kinjeketile shaka, akamfanya ajiulize sauti ile ilitoka wapi, na mwishoni akamweka mbele ya wauaji wake akikataa kusema kwamba maji yalikuwa uongo, kwa sababu alijua maadui wangelitumiaje neno hilo kwa watoto watakaozaliwa. Uamuzi ule ni wa mtu. Mwongozaji wa mchezo akiuliza, "Nimfanyeje mtu wa historia aliyeguswa na pepo?", jibu limo katika kitabu hicho chembamba.

Na atakayeandika mchezo wa kutisha kuhusu Majimaji asisahau palipo na hofu yenyewe. Wajerumani walichoma mashamba na maghala makusudi. Wanahistoria wanakadiria waliokufa kuwa kati ya watu 75,000 na 300,000, na wengi wao waliuawa na njaa. Zimwi gani litakaloshindana na ghala linalowaka mbele ya mama mwenye watoto?

Tena watu wetu walishalijua jambo hili katika hadithi zao za mumiani. Nairobi na Kampala za zama za ukoloni watu walinong'ona kwamba wazimamoto wanakamata watu usiku na kuwanyonya damu. Mwanahistoria Luise White aliandika kitabu kizima juu ya minong'ono hiyo, kilichotoka mwaka 2000. Waliosimulia hawakumtoa mtawala kwenye hatia. Walimweka katikati yake, na gari lake, na sare yake, na ndoo yake. Hadithi ya kutisha ilimshika mwenye nguvu ikamwonyesha kidole. Lakini kumbuka upande wake mwingine: nyakati za uvumi huo, watu wasio na hatia walipigwa kwa kudhaniwa ni mumiani. Jina la mtu wa kweli likiingia kwenye hadithi ya kutisha, halibaki mezani siku zote.

Kwa hiyo nawageukia ninyi vijana mnaoandika michezo yenu, Dar es Salaam, Mombasa, Lubumbashi, au huko ughaibuni mlikokutana na dadu kwanza. Najua mtamfikia Mkwawa, na mna haki ya kumfikia. Mtwa wa Wahehe, aliyelivunja jeshi la Wajerumani Lugalo mwaka 1891, aliyejipiga risasi tarehe 19 Julai 1898 kuliko kukamatwa, na kichwa chake kikakatwa kikapelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliagiza fuvu lirudishwe. Likarudi mwaka 1954, baada ya Gavana Twining kwenda makumbusho ya Bremen na kulichagua kati ya mafuvu mengine kwa kulinganisha vipimo na vya jamaa wa marehemu. Mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa, ndiye aliyekabidhiwa.

Mkono wako utawashwa kuandika fuvu linalozungumza usiku, fuvu lenye laana. Tafadhali, kabla ya hapo, kaa na kile chumba cha Bremen. Rafu baada ya rafu, mafuvu ya watu waliokuwa na mama zao, yamepangwa, yamepimwa, na mtu mwenye miwani anaandika namba kwa utulivu. Mpeleke mchezaji wako humo, amtafute babu yake kwa futi ya kupimia. Halafu umwulize amepoteza alama ngapi za akili.

Na ukishaandika, wasomee wenyewe kwanza. Makumbusho yenye fuvu hilo yako Kalenga, mwendo mfupi kutoka Iringa mjini, na ukoo wa Mkwawa upo.